Siku Kinyama cha Baba Mkwe Kilipoelea

Kabla sijasema lolote, vijana, mjue kwanza mnasoma maneno ya mtu gani. Mimi nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini wapo madaktari hapa Moshi, watu wenye vyeti vya kupamba ukuta mzima, ambao walikuwa hawamwingizi mtu mpira tumboni mpaka watupe jicho mlangoni na kuuliza, "Fundi yupo?" Nikiwepo, kazi inaanza. Nikiwa na mafua, wagonjwa wanapangiwa siku nyingine. Sijisifu. Naeleza hali ilivyokuwa.

Kwa asiyejua, mpira ni ile kamera ndefu na nyembamba inayopita mdomoni au njia ya nyuma kwenda kuangalia matumbo kwa ndani. Daktari anaiongoza. Mimi ndiye niliyesimama ubavuni kwake: naandaa, namtuliza mgonjwa, napitisha vifaa, nafunga kitanzi daktari akiniambia funga, na kazi ikiisha naosha kila kitu. Nimefanya hivyo miaka ishirini na ushei. Mwaka huu nimeomba kustaafu kwa hiari kwa sababu mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka hauna haki ya kushika kitanzi. Basi nawaachia haya, ninyi mlioanza kazi kwenye chumba kile juzijuzi, myasome mkisubiri chai.

Sikuingia kwa mlango wa chuo. Nilikuwa naziba pancha za baiskeli mtaani Majengo, karai la maji mbele yangu na gundi mfukoni. Hospitali ikanichukua kufagia. Siku moja nikiwa nafagia chumba cha mpira nikamkuta Sista Leonia, muuguzi mkuu wa chumba kile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule, amezamisha mpira kwenye beseni na kuukodolea macho. Kamera ilikuwa imeanza kuona ukungu, naye alikuwa anatafuta ulipotobokea.

"Sista," nikamwambia, "upepo uliojaza ni kidogo mno. Halafu ukunje. Pancha ndogo haijitokezi mpaka uikunje."

"Wewe ni nani?"

"Mfagiaji."

"Basi fagia."

Nikafagia. Nilipofika mlangoni akaniita. Nikaegesha fagio, nikaongeza upepo, nikaukunja ule mpira ndani ya maji taratibu, kipande kwa kipande, kama tyubu ya baiskeli. Karibu na shingo kikatoka kiputo kimoja, kidogo kama kichwa cha pini. Kikapanda, kikapasuka. Kingine kikafuata.

Sista Leonia akakitazama kile kiputo, akanitazama mimi, akasema, "Kesho usije na fagio."

Hapo ndipo nilipoanzia. Na msidhani baada ya hapo sikukosea. Mwezi wa tatu tu kazini niliuzamisha mpira majini bila kuufunika kile kichwa chake cha kupitishia umeme. Ukafa. Mpira ule ulikuwa umeletwa kwa ndege, na mimi niliuua kwa beseni la plastiki. Nikangoja kufukuzwa. Sista hakunifukuza wala hakupiga kelele. Alinipa daftari akaniambia niandike "kifuniko kwanza" mpaka daftari liishe. Lilikuwa daftari kubwa. Mpaka leo nikifunika sufuria nyumbani nasema "kifuniko kwanza," na mke wangu, Mama Neema, anaitikia "amina."

Sasa nije kwenye maji, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Zamani kazi ya kuondoa vinyama vinavyoota ndani ya utumbo tuliifanya kwa upepo. Unaupuliza utumbo mpaka unatanuka kama puto la sherehe, ndipo unakiona kinyama. Kama ni kile chenye shingo, raha: unakirushia kitanzi cha waya, unabana, daktari anakanyaga pedali ya umeme, kinakatika. Shida ni vile vinyama bapa, vilivyolala ukutani kama chapati kwenye kikaango. Ukuta wa utumbo uliotanuliwa unakuwa mwembamba, nacho kinyama kinazidi kulala. Kitanzi kinateleza. Ukilazimisha, unaweza kubana na ukuta wenyewe, na ukuta ukitoboka, mgonjwa anakimbizwa kwa wenye visu. Kwa hiyo tulikuwa tunachoma sindano chini ya kinyama, tunaingiza maji ya dripu kivimbe kwanza kabla ya kukikata. Inafaa. Lakini wakati mwingine kinavimba upande usiotaka, na kile kinyama kinakugeuzia mgongo.

Ndipo akarudi Daktari Upendo, mtoto wa Marangu, kutoka masomoni nje. Binti mwembamba, mpole, ila akishika mpira hana utani. Asubuhi moja akatukusanya akasema, "Kuanzia sasa, kwa vinyama bapa, tunazima upepo. Tunaunyonya wote utoke, halafu tunajaza maji. Tunakata chini ya maji."

Wenzangu wakatazamana. Mimi nikacheka.

"Fundi unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu naijua."

"Umeijulia wapi? Hapa ndio nimeileta."

"Mwika, Daktari. Kwenye mfongo."

Daktari ni wa mlimani kama mimi, anaijua mifongo, ile mifereji waliyochimba babu zetu kutoa maji mtoni na kuyapeleka migombani. Nikamwambia: mfongo ukikauka, majani yaliyoota kwenye kuta zake yanalala, yanagandamana na udongo. Ukitaka kuyafyeka unakwangua na udongo, na mfongo unabomoka. Yarudishe maji. Yale majani yanainuka, yanasimama, yanacheza. Unapitisha mundu chini kabisa kwenye shina na udongo wala hausikii.

Daktari Upendo akanisogelea. "Fundi, hicho ndicho nilichofundishwa. Ukuta ukiwa haujatanuliwa unabaki mnene, ngozi ya juu inaelea na kinyama chake, msuli unabaki chini. Mimi nilionyeshwa kwa michoro."

"Mimi nilionyeshwa na mfongo," nikajibu. Hapo nakubali nilijisifu.

Nikaadhibiwa wiki hiyohiyo. Mgonjwa wa kwanza wa maji alikuwa mwalimu mmoja mstaafu. Mwezi wa saba, mnajua baridi ya Moshi mwezi wa saba. Nikayachota maji kama yalivyokaa stoo usiku kucha, nikayasukuma kwa bomba kubwa la sindano. Utumbo wa mwalimu ukajikunja kama jongoo aliyeguswa, na mwalimu mwenyewe akainua kichwa akauliza, "Nani amefungua friji?" Daktari hakuona kitu kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo maji yangu nayapima kwa upande wa ndani wa kiwiko, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto. Yasiunguze, yasishtue. Hilo hamtalikuta kwenye kitabu, chukueni bure.

Basi. Tukawa tunaendelea vizuri, kinyama kimoja leo kingine wiki ijayo, vidogovidogo, mpaka ugonjwa ukaingia nyumbani kwangu.

Baba mkwe wangu, Mzee Aminiel wa Mwika, ndiye mgawa maji wa mfongo wao. Nani anamwagilia asubuhi, nani jioni, nani amechepusha maji ya jirani, yeye ndiye anaamua, kwa fimbo na kwa sauti. Akaanza kutoa damu chooni. Hakumwambia mtu. Mama mkwe akaona, akamnong'oneza binti yake, Mama Neema akaninong'oneza mimi. Nilikuwa likizo alipopimwa. Wakakikuta kinyama bapa, kimelala upande wa kulia wa utumbo mpana, upana wake kama sarafu. Kipande kikaenda maabara. Majibu: si saratani, ila kikiachwa kinaweza kugeuka. Kwa jinsi kilivyolala, akapangiwa kwenda kwa wenye visu, Jumatano, apasuliwe tumbo na utumbo ukatwe.

Mzee akasema hakatwi. "Nikilala na mshono miezi miwili, maji atagawa nani? Warudi kupigana majembe?" Akavaa kofia yake. "Nitarudi nyumbani na kinyama changu. Tumezoeana."

Nikamwendea Daktari Upendo. Akaziangalia zile picha sana. "Ni kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kuvitoa kwa maji, Fundi. Lakini nitajaribu Jumatatu. Kikikataa, Jumatano iko palepale."

Mngekuwa ninyi mngeishia hapo. Mimi nilipanda Mwika, nikasimama mbele ya ukoo wa mke wangu, migombani, nikasema kwa sauti, "Kisu hakitamgusa huyu mzee. Nimesema mimi." Mama Neema alinivuta koti. Nilikuwa nimeshamaliza kusema.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana kosa la namna hii mtu wa mbali hawezi kulifanya.

Kazi ya maji inataka utumbo msafi kuliko kazi ya upepo. Kwenye upepo uchafu unalala chini, unaupita. Kwenye maji uchafu unaelea na kuyachafua yote, unabaki unaangalia supu. Kwa hiyo mgonjwa anafunga kula, anakunywa chupa mbili za dawa ya kuharisha, na anaenda chooni mpaka kinachotoka kiwe maji meupe. Kumhoji mgonjwa juu ya hilo ilikuwa kazi yangu, na hapakuwa na aliyeniweza. Nimewahoji wachungaji. Nimewahoji wakuu wa shule. Nimemuuliza hakimu mmoja mama mtu mzima, "Mheshimiwa, ilikuwa nzito au ya majimaji?" naye akajibu kama yuko kizimbani.

Lakini baba mkwe! Kwetu mkwe humtajii hata soksi zake. Miaka yote hiyo mimi na Mzee Aminiel tumezungumza mvua, ng'ombe na bei ya kahawa. Nilimpigia simu Jumamosi jioni, jasho likinitoka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Baba. Baba, kuhusu ile... ile safari ya Jumatatu. Kesho usile. Unywe tu. Na zile chupa ulizopewa... na hizo unywe."

"Sawa, mkwe."

"Basi, Baba. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo."

Nikakata simu nikijiona nimemaliza kazi.

Jumatatu Mzee kalala ubavu wa kushoto, amefunikwa shuka, uso umeelekea ukutani ili asinione, nami nimeelekea kwenye vifaa ili nisimwone. Mpira ukapanda. Tukazima upepo, nikasukuma maji. Runinga ya kamera ikawa ya kahawia. Daktari akanyonya, nikasukuma mengine. Kahawia. Vikaanza kuelea vipunje vidogo vyekundu, vingi, vinazunguka kama nzige.

Daktari Upendo akasogeza uso karibu. "Huu ni ulezi."

Nikasukuma bomba jingine.

"Fundi, hii ni pombe. Hii ni mbege."

"Ya Mwika," sauti ikatoka kwenye shuka. "Niliambiwa ninywe."

"Naona ni ya Mwika, Baba," Daktari akasema. "Ya kwetu Marangu inachujwa."

Ikajulikana yote. Mzee alitoka ibadani akapitia kikao cha mfongo, akanywa alivyoagizwa: kata mbili za mbege, na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi, kwa sababu mtori nao hautafunwi. Dawa alikunywa chupa moja. Ya pili aliiacha, kwa kuwa ya kwanza ilimtoa mbio mbele ya wajumbe, naye hakujua kama ndivyo inavyotakiwa au ameharibikiwa. Angemuuliza nani? Mkwe wake?

Daktari akatoa mpira. Sista Leonia akanivuta pembeni, kwenye masinki.

"Ulimuuliza amekwenda choo mara ngapi?"

"Sista, ni baba mkwe wangu."

"Nilikufundisha kanuni gani?"

"Kifuniko kwanza."

"Ya pili!"

"Mgonjwa aulizwe."

"Humu hakuna mkwe. Kuna tumbo. Kesho saa mbili, na kama halijasafishika, keshokutwa anapasuliwa au anarudi nyumbani kufa na aibu yenu ninyi wawili."

Nikasimama pale na glovu zangu.

Nikamchukua Mzee hadi kwangu Majengo, kwenye nyumba ya vyumba sita ambamo choo ni kimoja kwa wapangaji wote. Mama Neema akawatangazia wapangaji kwamba choo kimeshikwa mpaka jioni, wenye shida waende msikitini. Akamwekea baba yake chupa mbili mpya mezani. Kula, hakuna. Mzee akanywa ya kwanza kama anakunywa kesi. Kisha tukakaa uani, mimi kwenye kigoda, yeye kwenye kiti, tukitazama nguo zilizoanikwa.

Akaondoka. Akarudi. Nikafungua mdomo kuuliza, ukajifunga wenyewe. Akaondoka tena, akarudi. Nikasema, "Leo kuna wingu." Akasema, "Lipo." Mama Neema akiwa mlangoni akatukodolea macho. "Mtakufa kwa mawingu ninyi," akasema, akaingia ndani akafunga mlango kwa kishindo.

Safari ya tatu Mzee aliporudi alikaa, akatengeneza kofia, akatazama mbali kuelekea mlimani.

"Mkwe," akasema, "ule mfongo wa juu."

"Ndiyo, Baba."

"Nimeufungulia maji asubuhi. Bado unatoa tope."

Ilinichukua muda kidogo. Kisha nikahisi mzigo unanishuka mabegani.

"Tope zito, Baba, au jepesi?"

"La wastani. Na majani majani."

"Hiyo ni kawaida. Ongeza maji."

"Niongeze?"

"Chupa yote, Baba. Mfongo haukuharibika. Ukitoa tope ndio unafanya kazi."

Akanywa. Na kuanzia hapo tukawa watu wawili wanaozungumza mambo ya kilimo. Saa nane: "Tope limepungua, yanakuja ya rangi ya kahawa." Saa tisa: "Kama chai ya rangi." Saa kumi alitoka akiwa amejaa jasho, kashika ukuta, ila kidevu kiko juu. "Sasa naona mpaka kokoto chini." Nikamwambia apeleke maji mara moja zaidi kwa usalama. Mpangaji mmoja, kijana wa saluni aliyekuwa anasikiliza dirishani, akamuuliza Mama Neema hilo shamba la mzee liko wapi, maana na yeye anatafuta la kukodi.

Jua halijazama, Mzee Aminiel akarudi mara ya mwisho, akasimama mbele yangu kama anatoa hukumu ya kikao.

"Mweupe. Hata punda atakunywa."

Jumanne saa mbili tukawa ndani. Daktari akataka kumpa dawa ya usingizi. Mzee akakataa: apewe kidogo ya kulegeza tu. "Sijawahi kulala watu wakifanya kazi shambani kwangu." Safari hii aliomba ageuziwe runinga aione.

Mpira ukapanda. Utumbo ulikuwa unang'aa. Tulipofika upande wa kulia, kinyama kilikuwepo, bapa, chekundu kidogo, kimelala kama ndimi mbili zilizoungana. Daktari akazima upepo, akanyonya wote. Nikapima maji kwa kiwiko, nikaanza kusukuma. Bomba la kwanza. La pili. La tano. Kinyama hakikuinuka. Maji yalikusanyika ukuta wa pili, chini, na pale kilipo kinyama palibaki hewa, kiputo kimoja kikubwa kinang'aa. Tukanyonya, kikarudi. Nikasukuma mengine mpaka Mzee akaguna.

"Anajaa," Sista Leonia akasema.

Daktari akarusha kitanzi hivyohivyo. Kikateleza. Akarudia. Kikateleza. Nikaona kipaji chake kinaloa. Mara ya tatu akarudisha kitanzi ndani, akasema polepole, bila kunitazama, "Fundi, huenda hii si ya maji. Sitaki kumtoboa utumbo." Na mimi, niliyesimama migombani nikasema kisu hakitamgusa, mimi niliyefundishwa na mfongo, nilikuwa nimeshika bomba tupu mkononi.

"Mkwe." Ilikuwa sauti ya Mzee, nzito kwa ile dawa.

"Naam, Baba."

"Lile jeupe linalong'aa, ni hewa?"

"Ni hewa, Baba."

"Na shamba lenyewe liko juu, maji yako chini."

"Ndiyo, Baba."

"Sasa mnamwaga maji ya nini? Hata mkileta mto mzima, maji hayapandi. Shamba likiwa juu ya mfongo ama unauinua mfongo, ama unaliinamisha shamba." Akapumua. "Shamba ni mimi. Niinamisheni!"

Hakuna aliyecheka. Daktari Upendo alitazama runinga, akamtazama Mzee, akaweka mkono kwenye paji la uso na glovu yake chafu. "Mgeuzeni," akasema. "Ubavu wa kulia. Taratibu. Fundi, shika miguu."

Nikashika miguu ya baba mkwe wangu. Nilishika kabisa, kwa mikono miwili, tukamgeuza na mpira ukiwa ndani, Sista akiulinda usichomoke. Kwenye runinga kile kiputo kikatetemeka, kikateleza, kikaondoka kama samaki kwenda upande mwingine. Maji yakaja. Na kile kinyama, vijana, kile kinyama kilichotulalia siku mbili, kikanyanyua kingo zake. Kikajikusanya. Kikasimama wima majini kama uyoga, kinacheza.

"Majani yamesimama," Mzee akasema.

"Kitanzi," akasema Daktari.

Nikampa. Akakitandaza, akakizungushia kinyama chote na ukingo mdogo wa ngozi nzima pembeni. "Funga. Pole pole." Hapa ndipo kazi yenu ilipo, ninyi mtakaonirithi. Msifunge kama mnafunga mlango. Funga ukisikiliza kwa kidole. Kinyama kina ulaini wake, kama ndizi iliyoiva. Msuli una ukaidi. Ukihisi ukaidi, mwambie daktari, legeza, akitikise, ufunge tena. Nilihisi ulaini mtupu. "Laini," nikasema. Akakanyaga umeme. Kikaachia.

Kikatokea kijidamu. Kwenye upepo damu inatandaa, hujui inatoka wapi. Kwenye maji inapanda juu kama moshi wa jiko. Unaufuata moshi mpaka kwenye kuni. Daktari akaufuata, akabana klipu moja, moshi ukakatika. Nikakivua kinyama kwa kijifuko cha wavu. Sista Leonia akakiweka kwenye chupa ya maabara, akaandika jina kwa mwandiko wake wa shule. Jumatano ya visu ikafutwa ubaoni, nami nilikuwepo inafutwa.

Majibu yalikuja baadaye: hakuna saratani, na kingo zote safi. Aje tena akaangaliwe, ndivyo ilivyo kwa kinyama kikubwa, na amekuja, na njia yote anaijua.

Mwishoni mwa mwezi Mzee akachinja mbuzi Mwika. Ukoo wote ulikuwepo, na Daktari Upendo akapandishwa kwa gari la mtu, na Sista Leonia. Mzee akasimama kugawa nyama, na kabla ya kugawa akatoa hotuba. Nilijiweka sawa shati, nikijua jina langu linakuja. Akasema, "Walishindwa. Wote walishindwa. Nikawaambia niinamisheni." Akaeleza mambo ya mfongo, ya hewa, ya shamba. Mimi nilitajwa mara moja, kama mtu aliyeshika miguu. Mama Neema alicheka mpaka akajifuta machozi na khanga.

Kidari, ambacho kwetu hapewi mtu ovyo, akapewa Daktari. "Aika, Baba," akashukuru, akakipokea kwa mikono miwili. Sista akapewa paja. Nikangoja. Mzee akanyoosha fimbo kwenye beseni lililokuwa pembeni.

"Mkwe, utumbo ni wako. Nenda kauoshe. Wewe ndiye fundi."

Watu walipiga makofi. Nikabeba beseni mpaka mfongoni, nikavua viatu, nikaanza kazi niliyoifanya miaka ishirini na ushei, ila sasa kwa mbuzi na bila mshahara. Nikaupasua, nikautandaza majini. Ile ngozi ya ndani ikasimama yote, laini, inayumba na mkondo, na takataka zikaachia zenyewe zikaenda. Nilikaa nikiitazama kuliko ilivyohitajika.

Nikasikia fimbo kwenye majani. Mzee Aminiel amekuja peke yake, kasimama juu yangu kwenye ukingo.

"Maji yakoje, mkwe?"

"Meupe, Baba. Hata punda atakunywa."

Akaivua kofia. Akainama, mkono mmoja kaegemea bega langu, akaangalia kwa muda mrefu, kama Sista Leonia alivyoangalia beseni siku ile.

"Pale kwenye kona bado pana tope," akasema. "Geuza."

Nikatazama. Lilikuwepo.

Nikageuza.